Sikio la Yaya Hortense

Papa Léon alisimama mbele ya ubao aliouchora mdogo wake, mikono nyuma, jinsi alivyokuwa akisimama zamani mbele ya garimoshi lililokataa kuwaka. Reli ilikuwa imemstaafisha, lakini yeye hakuwa ameistaafisha reli. Kila kitu alikikagua kutoka mbele kwenda nyuma, kutoka juu kwenda chini, na hakusema neno mpaka amalize. Alipomaliza aliuliza:

“Cyrille, kichwa cha dada yetu kiko wapi?”

“Njo hicho, yaya,” alijibu Cyrille; kwao yaya ni mkubwa wako, awe kaka au dada.

“Hili ni sikio.”

“Ndiyo. Sikio lake.”

“Na hivi vipande vya kijani na zambarau, kama sakafu ya hoteli?”

“Hilo ni shavu. Rezo ya simu ilikatika, shavu likavunjika vile.”

“Na huyu mudogo kwenye pembe, mdomo wazi?”

“Ni mimi. Simu inakuonyesha na wewe unayepiga.”

Léon akamgeukia mdogo wake pole pole. “Muntu amekufa. Familia inakuomba sura yake. Wewe unatuletea rezo, halafu unajiweka na wewe ndani.”

Cyrille alikuwa ameyapanga maneno tangu asubuhi, lakini yalitawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Alichopata kusema ni hiki: “Ungojee rangi ikauke. Utaiona vizuri.”

“Ikikauka, sikio litakuwa uso?” Léon alichukua kofia yake. Mlangoni akasimama tena. “Nataka picha ya kuweka kwenye kiti, Cyrille. Picha yenye macho mawili. Siku ya kuondoa matanga haina rezo.”

Kiti hicho ndicho kilichokuwa kikimnyima Cyrille raha. Katika familia yao, siku ya kuondoa matanga, picha ya marehemu huwekwa kwenye kiti katikati ya ua, imefunikwa kitenge. Mkubwa wa familia huifunua. Halafu watu hupita mmoja mmoja kuisalimia, wengine kwa kuinama, wengine kwa kuigusa, na wale ambao hawakufika kwenye mazishi husimama mbele yake na kueleza kilichowazuia. Cyrille alikuwa mmoja wa hao. Hortense alikufa huko Pepa, juu kwenye milima ya Marungu, wakati mvua imeibomoa barabara inayopanda kutoka Moba. Cyrille alifika Moba kwa boti, na hapo hapo kwenye mchanga, kabla hajashusha mfuko begani, akaambiwa dada yake amekwisha kuzikwa. Kwa hiyo alikuwa na jambo la kueleza mbele ya kiti, na hakuwa tayari kulieleza mbele ya picha ya uongo.

Uongo huo aliujua, maana alikuwa ameuchora miaka mingi. Alikuwa mchoraji wa vibao. Maduka ya dawa, saluni za mtaa wa Kataki, majina ya boti bandarini: maandishi mengi yaliyosomwa kati ya stesheni ya Kalemie na daraja la Lukuga yalipita mkononi mwake. Pembeni ya vibao alichora marehemu wa watu. Familia ilileta picha ya kadi ya uchaguzi, uso umekunjamana kwa jua na foleni, naye aliulainisha, akamvisha marehemu suti ambayo hakuwahi kuwa nayo, akamwongezea tai. Watu walilia kwa furaha. “Njo yeye kabisa,” walisema, na haikuwa yeye hata kidogo.

Baadaye mashine ya kuchapa mabango ilifika mjini, na kazi ya vibao ikaanza kukonda. Saluni zilitaka vichwa vya vijana kutoka mtandaoni, vinavyong'aa, vilivyokuzwa mpaka ukubwa wa mlango. Cyrille alisimama mbele ya mabango hayo kwa hasira, pua karibu iguse, akitafuta kosa. Akalipata. Ukisogea karibu kabisa, hakuna kichwa. Kuna miraba. Tabasamu lote la yule kijana lilikuwa miraba, mmoja wa kahawia, mmoja wa waridi, mmoja wa rangi isiyo na jina. Wenye mashine walikuwa wanaionea haya miraba hiyo. Cyrille aliipenda. Ilionekana kwake kuwa kitu pekee cha kweli kwenye bango zima.

Akakata plastiki ya bidoni kuukuu la maji kuwa miko midogo ya kupakia, akaanza kupaka rangi ya mafuta mraba kwa mraba juu ya mbao za triplex. Alichora kwaya ya video ya simuni iliyokwama katikati ya wimbo, midomo yote wazi. Alichora msichana aliyejipiga picha akiwa na masikio ya sungura ambayo simu ilimpa, na ngozi nyeusi ambayo simu ilimnyang'anya. Alichora duara lile linalozunguka bila kufika popote wakati video inakataa kufunguka. Mkewe Nadine alisema kati ya picha zake zote, hiyo tu ndiyo inayofanana na ndoa yao.

Watu waliingia, wakacheka, wakapenda, wakaondoka. “Papa Cyrille, utazimaliza lini?” waliuliza. Mwenye duka la simu alitaka lile duara, ila kwanza liongezewe namba yake ya simu katikati. Mgeni mmoja kutoka Lubumbashi aliipenda ile kwaya mno. Aliisogelea, akarudi nyuma, akatoa simu, akaipiga picha. Cyrille akamuuliza kama ataichukua.

“Nimekwisha kuichukua,” alisema mgeni, akamwonyesha simu, akamshukuru sana.

Hivyo ndivyo chumba cha kazi kilivyojaa mbao mpaka mlango ukawa haufunguki wote, na hivyo ndivyo Cyrille alivyozoea kueleza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Hortense peke yake alikuwa akimsikiliza. Ndiye aliyemlea Cyrille baada ya mama yao kufa, na hata alipoolewa Pepa na mwalimu wa shule ya misioni aliendelea kumlea kwa mbali. Rezo ya huko ilipatikana kwenye mteremko mmoja juu ya kanisa, nayo ilikuja kwa kusuasua. Hortense alipanda mteremko huo, akampigia mdogo wake kwa video, kwa kuwa ndivyo binti yake Daniella alivyomfundisha kubonyeza. Lakini simu kwa Hortense ilikuwa kitu cha kusikilizia. Video au si video, aliibandika sikioni.

“Yaya, naona sikio tu.”

“Sasa unataka kuona nini? Wewe si unaongea? Anayekusikiliza njo huyo.”

Familia yote iliijua tabia hiyo na kuichoka. Miaka ya mwisho, aliyetaka kumwona Hortense aliona sikio lake tu: kubwa kidogo, limeinama mbele, na kwenye tundu la hereni amechomeka kijiti cha ufagio ili tundu lisizibe. Mara ya mwisho, Cyrille alikuwa akimsimulia habari ndefu ya mteja aliyekataa kibao. Hortense alisikiliza. Mwanga ulikuwa unatoka nyuma yake, ukapenya sikio likawa jekundu kama kaa la moto, na hapo hapo rezo ikamshika. Shavu likamwagika likawa miraba ya kijani na zambarau. Cyrille alibonyeza akaihifadhi picha hiyo kwa ajili ya ule wekundu tu. Ilikuwa picha ya mwisho ya dada yake, na alipoichora hakubadilisha kitu.

Daniella alikuja siku chache baada ya Léon. Alikuwa infirmière, yaani muuguzi, katika kituo cha afya mjini, na alikuja moja kwa moja kutoka kazini, blauzi nyeupe imekunjwa mkononi.

“Mujomba, wanasema umemuchora mama amekatika.”

Cyrille akasogeza ile kwaya, akamwachia nafasi. Daniella alitazama kwanza kwa mbali. Alisogea, akainama, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye sikio lake mwenyewe.

“Ni yeye,” alisema.

Kifua cha Cyrille kilifunguka. Alikuwa karibu kumshika mkono.

“Ila utoe ufagio.”

“Nini?”

“Kijiti. Nilimununulia hereni, Mujomba. Nzuri, za kung'aa. Mutie hereni zake.”

“Hakuzivaa.”

“Alikuwa nazo.”

“Kwenye kopo la maziwa, chini ya kitanda.”

“Zilikuwa zake! Wenzangu wa kazi watakuja. Watasema Daniella anavaa blauzi nyeupe, mama yake anavaa ufagio.”

“Daniella, sikia. Nikimutia hereni, itabidi nitengeneze na shavu. Nikitengeneza shavu, itabidi niweke na macho. Mwisho nitamuvisha suti.”

“Mama hakuwa muntu wa suti.”

“Njo ninachosema!”

“Hapana, Mujomba, mimi njo ninachosema. Wewe unauhurumia ubao. Mimi namuhurumia mama.”

Akaondoka, na Cyrille akabaki na mwiko wa plastiki mkononi. Maneno ya Léon aliweza kuyapuuza. Léon aliona sikio tu. Huyu alikuwa amemwona mama yake, akamtambua, na bado akataka arekebishwe. Jioni hiyo Cyrille alichovya mwiko katika rangi ya njano, akaupeleka mpaka karibu na kile kijiti, akaurudisha. Akaufuta kwa hasira, kama vile rangi ndiyo iliyomshauri.

Mwisho wa juma Léon alitangaza kwamba suala la picha limekwisha. Alikuwa amepeleka kadi ya uchaguzi ya Hortense kwa wenye mashine, na bango lilikuwa tayari. Cyrille alikwenda kuliona. Walimlainisha dada yake mpaka akapoteza paji la uso. Walimpa weupe wa mtu asiyejua jua, midomo ya mtu mwingine, na wakamzungushia mawaridi na njiwa.

“Hata yeye mwenyewe asingejijua,” Cyrille alisema.

“Ana macho mawili,” alisema Léon. “Hesabu.”

Ndipo Mama Bibiane alipopita kwenye chumba cha kazi. Bibiane aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, mwanamke mnene mwenye sauti inayovuka soko bila kuchoka, na alikuwa mtani wao. Ukoo wa akina Hortense na ukoo wa Bibiane ni watani tangu huko Marungu, na utani huo ulishuka nao mpaka mjini. Kwenye matanga, ndugu hulia na watani hucheka. Ndiyo kazi yao. Mtani huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake, humsema vibaya mbele ya watoto wake, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Tena hunyakua kitu cha marehemu, na mkubwa wa familia hukikomboa kwa kuku. Asipokikomboa, ni kama kusema mbele ya watu wote kwamba kitu kile hakikuwa cha marehemu.

Bibiane alikuwa amekuja kuchukua kitenge cha Hortense alichokihifadhi Nadine. Akachungulia ndani, akaona ubao, akashika mlango asianguke kwa kicheko.

“Allô! Allô, Hortense! Toa simu sikioni, tunaona nta tu!”

“Mama Bibiane, usicheke. Hii si ya kucheka.”

“Si ya kucheka? Sikio peke yake limesafiri kutoka Pepa, mwenyewe limemwacha nyuma, halafu si ya kucheka?” Alipangusa machozi kwa upindo wa kitenge. “Na kijiti kipo! Mwanamke bahili yule. Aliogopa hereni zitasikia siri zake.”

“Nimeichora kwa ajili ya kiti.”

Bibiane aliacha kucheka, akamtazama kwa makini, kama anayepima samaki. “Wewe Cyrille, ni nani amekuruhusu? Ndugu anamuchora marehemu akiwa muzuri, ametulia. Kumuchora na ufagio, rezo imekatika, njo kazi yangu mimi. Umeingia shamba la watani bila kubisha hodi.”

“Siyo utani. Ndivyo alivyokuwa.”

“Na mimi huwa nasema nini? Si ndivyo alivyokuwa?” Akanyoosha mkono. “Nipe, nitaipeleka.”

Cyrille alisimama mbele ya ubao. Aliona mara moja kitakachotokea: mikononi mwa Bibiane, ule wekundu ungekuwa kichekesho, na jambo lake la kueleza lingezama chini ya vicheko. “Hapana,” alisema.

“Mtani haombi,” alijibu Bibiane. “Nilikuwa nakupa heshima tu.” Akaondoka na kitenge.

Siku ya kuondoa matanga, ua wa Papa Léon kwenye nyumba za reli ulijaa mpaka barabarani. Katekista alisali, kwaya ikaimba, na Léon, katika koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, akafunua bango. Watu wakanyamaza kwa adabu. Walipita kulisalimia kama wanavyosalimia ofisa aliyehamishwa kutoka Kinshasa. Shangazi Mujinga, mzee kuliko wote lakini mwenye macho mazima, aliegemea fimbo akalichunguza.

“Huyu mwanamke ni wa wapi?”

“Ni Hortense, shangazi,” alisema Daniella.

“Hortense gani?”

Daniella aliinamisha uso. Zamu ya Cyrille ikafika. Alisimama mbele ya kiti akiwa na maneno yake yote: boti, mchanga wa Moba, mfuko begani. Mwanamke wa bango alimtazama, amezungukwa na njiwa wake, na hakuonekana kuwa mtu anayehitaji maelezo. Cyrille akainama, akapita. Maneno yakabaki kooni kama mfupa wa ndagala, mdogo lakini haumezeki.

Kelele zikaanza upande wa barabara. Watani walikuwa wanaingia. Mbele alikuja Bibiane katika kitenge cha Hortense, kijiti cha ufagio katika kila sikio, akitembea kwa ule mwendo wa Hortense wa kukanyaga kana kwamba ardhi ni ya jirani. Mgongoni, amefungwa kwa nguo kama mtoto, alikuwa amebeba ubao.

Cyrille alimgeukia mkewe.

“Walikuja asubuhi,” alisema Nadine. “Watani hawanyimwi, Cyrille. Ningewanyima, waseme mimi ni muchawi?”

Bibiane alifika katikati ya ua, akaushusha ubao, akauegemeza kwenye kiti mbele ya bango, njiwa na mawaridi vikafichika nyuma yake. Halafu akachukua kandambili, akaibandika sikioni, akapiga kelele kwa sauti yenyewe ya Hortense, ile ya mtu anayeamini kwamba Kalemie iko mbali na sauti lazima itembee:

“Allô! Cyrille! Unaniona? Hunioni? Basi ongea, macho ya nini?”

Ua ulipasuka kwa kicheko. Watu walipiga makofi, wakashikana mabega. “Njo yeye!” walisema. “Njo Mama Hortense mwenyewe!” Shangazi Mujinga alikuja mbio na fimbo yake, akainama mpaka kwenye kijiti kilichochorwa, akapiga yowe: “Hortense! Mwanangu, bado hujavaa hereni!” Mtu mmoja akaweka mdomo kwenye ubao akaita allô. Wa pili akafuata. Ikawa foleni. Walimpigia Hortense kelele sikioni, wakamdai sufuria aliyoazima, wakamwambia mumewe amenenepa, wakamuuliza kama huko aliko rezo ni nzuri kuliko ya Pepa. Simu zilikuwa juu, zinachukua video.

Cyrille alisimama kando, masikio yake mwenyewe yanawaka. Waliona. Watu wote walikuwa wameona, bila yeye kueleza hata neno moja, jambo alilolitamani miaka yote. Na walikuwa wanacheka. Hakuna aliyeuliza ule wekundu umechanganywa na nini. Mate yalikuwa yanarukia rangi. Kijana mmoja wa watani alipigapiga shavu la miraba kwa kiganja kuonyesha kwamba halina nyama, na hapo Cyrille hakuweza tena. Akasonga mbele kuuchukua ubao.

“Ndugu hagusi!” watani walimzuia kwa furaha, vifua mbele. “Ndugu analia! Lia, Cyrille!”

“Mutaiharibu!”

“Sikia, ameanza kulia!”

Bibiane alimgeukia Léon. “Papa Léon, mukubwa wa nyumba, tumemukamata dada yako sikio. Mukomboe.”

Léon hakuinuka kwenye kiti chake. “Picha ya dada yangu ni ile mliyoifunika. Huo ni ubao uliokosewa. Mubaki nao.”

Kicheko kilipungua. Hilo lilikuwa neno zito, na kila mtu alilijua. Bibiane mwenyewe alionekana kushangaa kidogo. Lakini mtani harudi nyuma.

“Kama si Hortense, basi ni kuni,” alisema. “Tutachemshia maji ya chai.” Akauweka ubao juu ya goti, akaukunja. Triplex ikalia. Ufa mwembamba ukaanza kwenye ukingo, ukaelekea kwenye sikio.

“Mama Bibiane, pole pole!” Ilikuwa sauti ya Daniella, kali kama sauti ya muuguzi anayeona sindano imeshikwa vibaya. “Unamuumiza.”

Hakuna aliyecheka. Bibiane alibaki na ubao gotini, akimtazama Léon. Léon alitazama vifungo vyake vya shaba. Kisha aliinuka, akazunguka nyumba, na kwa muda watu walisikia kuku wakikimbizana na mzee akitukana kwa Kiluba. Alirudi na jike mwekundu chini ya kwapa na manyoya kwenye koti. Akamkabidhi Bibiane, akachukua ubao, akaingia nao ndani, akafunga mlango.

Watani walimpigia kuku vigelegele. Jioni nzima watu walimsifu Bibiane kwa sikio lake. “Sikio lako lilikuwa zuri sana,” walimwambia, naye, mwaminifu, alimwonyesha Cyrille kwa kidevu: “Ni la yule. Ila hana ucheshi.”

Video ikasambaa. Ilifika Pepa kabla ya watu waliotoka Pepa kurudi kwao. Nadine alimletea Cyrille simu aione, akidhani itamfurahisha. Ilikuwa imetumwa na kutumwa tena mpaka imechakaa. Bibiane alikuwa doa la manjano, na ubao ulipopita mbele ya kamera, miraba ya rezo iliangukia juu ya miraba aliyoipaka kwa mkono, ikachanganyika. Cyrille alisimamisha video, akasogeza simu mpaka puani. Hakuweza kusema ipi ni kazi yake na ipi ni ya simu.

“Si njo ulichokuwa unataka?” Nadine aliuliza, bila ubaya.

Cyrille alimrudishia simu. Alisubiri Léon autoe ubao nje. Léon hakuutoa. Bango lilitundikwa sebuleni, njiwa kwa njiwa, na wageni waliokuja kuuliza habari za lile sikio walijibiwa kwamba matanga yamekwisha. Mwishowe Cyrille alichukua gundi na makopo ya rangi, akavuka mji mpaka nyumba za reli.

“Nimekuja kuziba ule ufa.”

“Ufa hauna shida,” alisema Léon.

“Utaendelea, yaya. Triplex ikianza haiachi. Na kama hutaki watu waione, nirudishie. Kuna watu wanataka kuiona.”

“Watu gani?”

Cyrille alitazama makopo yake ya rangi, kwa kuwa alikuwa amesema uongo.

“Nimeikomboa kwa kuku,” alisema Léon. “Kuku wa kutaga. Wewe uchore nyingine.” Lakini alisogea mlangoni, akampeleka chumbani kwake.

Chumba kilikuwa kidogo na safi kama kibanda cha mlinda njia. Kitanda, kabati, dirisha. Kati ya kabati na dirisha, kwenye ukuta ulio usawa wa kitanda, ubao ulikuwa umetundikwa. Umelala. Sikio lilielekea dari, shavu lilimwagikia dirishani, na Cyrille mdogo wa kwenye pembe alikuwa ameanguka chali, mdomo wazi.

“Umeuweka upande!”

“Naona.”

“Léon, picha hii inasimama! Mwanga unatoka nyuma, unapenya hapa, unashuka hivi. Ukiulaza, hakuna sikio. Ni kama, ni kama sahani! Muntu akiingia hapa ataona nini?”

“Hakuna muntu anayeingia hapa.”

“Hata hivyo! Kama ni nafasi, sogeza kabati. Nitakusaidia kulisogeza sasa hivi.”

“Kabati halisogei. Na si kwa ajili ya nafasi.” Léon alikung'uta kitu kisichokuwepo kwenye mto. “Mimi nikilala, nalala ubavu. Huu wa kulia. Wa kushoto unaniuma. Nikilala hivyo, liko sawa. Linasimama mbele yangu.”

Cyrille alifungua mdomo. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mwanga, kuhusu kichwa cha msumari alichokiona kimetoboa ukingo wa rangi, kuhusu picha ambayo ataiona mtu mmoja tu, tena mwenye macho mabovu, tena bila miwani. Aliinamisha shingo upande, akajaribu. Haikutosha. Akainamisha zaidi, mpaka mshipa ukavuta, na bado dada yake alikuwa mshazari.

“Kwa kusimama hutamuona,” alisema Léon. “Mimi nilijaribu.” Alivuta shuka la juu, akalikunja vizuri miguuni mwa kitanda, kisha akaelekea mlangoni, akashika kitasa, tayari kuufunga nyuma yake. “Uvue viatu. Mashuka ni masafi.”